Tuwafundishe vijana kuiandikia kompyuta amri

Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikikisogelea Kisiwa cha Mafia, wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wakifuatilia gurudumu jeupe la mawingu lililojizungusha juu ya Bahari ya Hindi. Anayetazama mzunguko wa namna hiyo kwenye kioo huona video. Lakini setilaiti ya Meteosat inayotazama bahari hii haipigi video. Hupiga picha mnato moja kila baada ya dakika 15, yaani picha 96 kwa siku nzima, na mwendo tunaouona hutengenezwa baadaye huku chini, kwa kuzipanga picha hizo kwa mfuatano na kuzipitisha haraka mbele ya macho. Zikipita kwa kasi ya picha 12 kwa sekunde, siku nzima ya kimbunga huonekana kwa sekunde 8. Kazi hiyo ya kugeuza rundo la picha kuwa mkondo wa video inawezwa na mtoto wa kidato cha pili, kwa kompyuta ya mtumba, bila intaneti na bila kulipa hata senti, kwa kuandika mstari mmoja wa amri. Ninadai kwamba mstari huo na mingine ya jamii yake inastahili nafasi katika masomo ya TEHAMA ya shule zetu, tena mapema, kabla vijana hawajazoea kuamini kwamba kutumia kompyuta maana yake ni kubofya alama zilizowekwa na mtu mwingine.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1878, huko California, mpigapicha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi ili ijulikane kama farasi akienda mbio hufika wakati miguu yote minne ikawa hewani. Ilijulikana kwamba hufika, na picha zile zilipopitishwa kwa mfuatano farasi alionekana akikimbia. Ndugu Lumière walipowaonyesha watu wa Paris filamu zao kwa kiingilio, tarehe 28 Desemba 1895, mashine yao ilipitisha picha zipatazo 16 kwa sekunde. Filamu za sauti zikaja kutulia kwenye 24. Televisheni za kwetu zikafuata 25 kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50, na za Marekani zikakaribia 30 kwa sababu umeme wao ni wa hezi 60. Tangu farasi wa Muybridge hadi mawingu ya Hidaya, video imebaki kuwa picha mnato nyingi zinazopita upesi kiasi kwamba jicho haliwahi kuzitenganisha. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni sekunde moja.

Chombo kinachofanya kazi hii leo kinaitwa FFmpeg. Kilianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard, na tangu hapo kimeendelezwa na watengeneza programu wa nchi nyingi, wengi wao wakiwa wa kujitolea. Ni programu huria: mtu yeyote anaruhusiwa kuipakua, kuitumia, kuisoma ilivyoandikwa na kuibadilisha, akifuata masharti ya leseni yake. Aliyewahi kufungua filamu kwa VLC ametumia sehemu ya kazi hiyo bila kujua. Gari la Perseverance lilipotua Mars tarehe 18 Februari 2021, kompyuta iliyokusanya picha za kamera za kutua ilikuwa imebeba FFmpeg hiyohiyo. Haina dirisha lenye vitufe vya kupendeza. Unafungua terminali, ule ukurasa mtupu wenye kialama kinachopepesa kikisubiri maandishi, unaandika unachotaka, kisha unabonyeza kitufe cha kuingiza. Namna hiyo ya kutumia kompyuta ndiyo tumeiacha nje ya elimu ya wengi, na kuiacha huko kumetugharimu.

Tuitazame amri yenyewe kwa karibu, maana hoja yangu imo ndani yake. Chukua darasa la baiolojia lililopanda mbegu ya maharage kwenye kopo na kuipiga picha kila saa kwa siku 10. Zitapatikana picha 240. Zikipewa majina picha001, picha002 na kuendelea hadi picha240, amri ni hii: ffmpeg -framerate 24 -i picha%03d.jpg -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p mche.mp4. Neno la kwanza linamwita mtenda kazi. Linalofuata linamwambia apitishe picha 24 kwa kila sekunde, kwa hiyo video itakuwa ya sekunde 10. Kisha anaelekezwa picha zilipo, na kile kifungu cha asilimia, sifuri na tatu kinamwambia kwamba baada ya neno picha kuna namba ya tarakimu tatu iliyojazwa sifuri mbele. Baada ya hapo anatajiwa njia ya kubana video, halafu namna ya kuhifadhi rangi, na mwisho jina la faili atakalotoa. Ni sentensi yenye mtenda, namna ya kutenda, kitu kinachotendwa na zao lake. Mtoto anayejua kuchanganua sentensi ya Kiswahili ana akili yote inayotakiwa kuisoma.

Na kila kipande cha sentensi hiyo ni somo. Mwanafunzi aliyezipa picha zake majina picha1, picha2 hadi picha240 bila sifuri za mbele atagundua kwamba kompyuta ikipanga majina kama maandishi matupu, picha10 hutangulia picha2, na hapo atajifunza tofauti ya namba na maandishi vizuri kuliko kwa maelezo ya ubaoni. Mwingine aliyefuta picha117 kwa sababu ilikuwa na ukungu ataona video yake inakatika kwenye picha116, kwa kuwa programu inahesabu moja baada ya nyingine na ikikuta pengo husimama. Yule ambaye picha zake zina upana wa pikseli 1,281 atakataliwa na kuambiwa upana haugawanyiki kwa mbili. Akiuliza sababu, atafika kwenye jambo la ajabu kuhusu mwili wake mwenyewe: jicho la binadamu hutambua tofauti za mwanga vizuri kuliko tofauti za rangi, na kwa hiyo video huhifadhi mwanga wa kila pikseli lakini huzifanya pikseli nne za jirani zitumie rangi moja. Pikseli zisipokuwa shufwa, kuna zitakazokosa jirani. Hisabati, fizikia na baiolojia zimekutana katika kosa moja, na mwanafunzi amelirekebisha kwa mkono wake.

Kuna somo lingine linalogusa mfuko wa kila mzazi. Picha moja ya video ya kawaida ya leo, yenye pikseli 1,920 kwa 1,080, ikihifadhiwa bila kubanwa huchukua takriban megabaiti 6.2. Zidisha kwa 25 upate sekunde moja: megabaiti 155. Dakika moja ni zaidi ya gigabaiti 9, na hakuna bando la kulipia hilo. Video inafika kwenye simu zetu kwa sababu ya kubanwa, na kubanwa huko, kwa kiwango cha H.264 kilichopitishwa mwaka 2003, hutegemea wazo rahisi: picha nyingi zinazofuatana zinafanana, basi hifadhi moja kamili, na kwa zinazofuata hifadhi kilichobadilika tu. Mche wa maharage umerefuka kidogo, ukuta wa nyuma haujasogea, kwa nini ukuta urudiwe mara 240? Kijana aliyejaribu kuongeza na kupunguza kiwango cha kubana, akalinganisha ukubwa wa mafaili na ubora wa picha, anaelewa bando lake linakwendaje. Hawezi kuuziwa maneno.

Sasa tulinganishe na kinachofundishwa mara nyingi kwa jina la TEHAMA. Mwanafunzi hufundishwa kwamba kitufe fulani kiko pembeni juu, abofye, achague cha tatu, abofye tena. Programu ikisasishwa, kitufe kinahamishwa na ujuzi wote unapotea, kwa sababu alichokikariri ni ramani ya nyumba ya mtu, na mwenye nyumba amehamisha milango. Amri niliyoionyesha hapo juu ingefanya kazi vilevile miaka kumi iliyopita. Zaidi ya hayo, anayebofya haachi nyayo. Akiulizwa video hii umeitengenezaje, atajaribu kukumbuka. Aliyeandika amri anaonyesha maandishi yake, mwenzake anayanakili, mwalimu anayasahihisha, na mwezi ujao yanatumika tena kwa picha nyingine. Maandishi yana sifa ambayo kidole hakina: yanahifadhika, yanapitishwa kwa mwingine, na yanaweza kuhojiwa.

Tofauti hiyo inakuwa kubwa kazi inapoongezeka. Kati ya 2010 na 2013, mradi wa Snapshot Serengeti uliweka kamera za mtego 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na kamera hizo zikaleta seti za picha milioni 1.2. Tuseme mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori anataka kipande kimoja cha video kwa kila kamera ili aone mpito wa nyumbu katika mwaka. Kwa kubofya, atafungua folda ya kwanza, ataingiza picha, atachagua kasi, atahifadhi, kisha atarudia hayo mara 224 zaidi, na hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba kamera ya 90 aliishughulikia kama ya kwanza. Kwa maandishi, anaongeza maneno machache yanayosema kwa kila folda fanya hivi, anakwenda kula chakula cha mchana, na akirudi anakuta video 225 zilizotengenezwa kwa kanuni moja. Usawa huo ndio unaoufanya ushahidi uaminike, mbele ya wanasayansi na hata mbele ya mahakama.

Pingamizi la kwanza linalostahili jibu ni la lugha. Wapo watakaosema amri hizi ni za Kiingereza, na kuwapa watoto wanaofikiri kwa Kiswahili ni kuwaongezea mzigo. Ningelikubali kama amri hizi zingekuwa Kiingereza kweli. Ukizitazama vizuri ni alama, kama zile za kemia. Hakuna anayedai mtoto lazima ajue Kilatini ndipo aelewe kwamba Na ni sodiamu, wala Kiitaliano ndipo asome nota za muziki wa kwaya. Vifupisho kama pix_fmt havisomeki na Mwingereza pia mpaka aelezwe. Kinachohitaji lugha ni maelezo, na maelezo yanawezekana kwa Kiswahili: tuna faili na folda, tuna fremu na pikseli, tuna amri, kasi, mfuatano na kubana. Kwa hakika skrini iliyojaa menyu na maonyo ya Kiingereza ina maneno mengi ya kigeni kuliko mstari mmoja wenye vifupisho vitano. Mwalimu anayeueleza mstari huo kwa Kiswahili sanifu anampa mtoto kitu kamili.

Pingamizi la pili linasema simu zinatosha. Zipo programu nyingi za simu zinazounganisha picha na kuongeza muziki kwa dakika mbili, kwa nini kijana asumbuke? Kwa video ya harusi, asisumbuke. Lakini nyingi ya programu hizo hubandika nembo yao juu ya kazi yako, hukuonyesha matangazo kabla ya kukuruhusu kuhifadhi, na baadhi huzituma picha kwenye kompyuta za mbali usizozijua. Mwalimu mwenye picha za wanafunzi na mhudumu wa afya mwenye picha za kidonda kinavyopona siku hadi siku hawapaswi kuzisafirisha picha hizo nje ya nchi ili tu zisogee. FFmpeg inafanya kazi hapohapo zilipo picha. Na anayeitaka kwenye simu hajakosa: simu za Android zinaweza kuwekewa programu ya terminali iitwayo Termux, na ndani yake amri ileile ikafanya kazi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ujuzi unaokaa ndani ya programu ya mtu mwingine ni wa kuazima, na mwenyewe akiamua kuifunga au kuitoza ada, tunabaki uchi.

La tatu ni la sasa zaidi. Akili mnemba inaweza kukuandikia amri yoyote ukiiomba kwa Kiswahili, basi kuna haja gani ya kujifunza? Ni kweli inaweza, na kijana aliyefundishwa atanufaika nayo kuliko wote. Lakini akili mnemba hukosea kwa kujiamini. Huweza kuchanganya mpangilio wa maneno au kubuni neno ambalo programu hailijui. Tena makosa mengine hayatoi kelele. FFmpeg ikikuta faili lenye jina lilelile huuliza kwanza kama ilifute, lakini ukiongeza herufi y yenye kistari mbele, haiulizi: inafuta na kuandika juu yake. Asiyejua kusoma amri ataibandika kama alivyopewa, na video ya mwaka jana itatoweka bila onyo. Mashine inayoandika badala yetu inaongeza haja ya watu wanaoweza kusoma ilichoandika, kama vile kuwepo kwa kikokotoo hakukuondoa haja ya mhasibu kutambua jumla isiyowezekana.

Pingamizi zito kuliko yote ni la nne: shule nyingi hazina kompyuta za kutosha, nyingine hazina umeme wa uhakika. Hili halikanushiki. Serikali zimejitahidi kwa njia zao. Kenya ilianza kugawa vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2016, na Tanzania iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022. Bado darasa lenye wanafunzi 60 na kompyuta moja ni jambo la kawaida. Lakini hapo ndipo amri inapoishinda kubofya, kwa sababu amri inaandikika ubaoni. Kubofya hakuna namna ya kukufundisha bila kifaa mkononi. Ni kama kufundisha kuogelea pasipo maji. Mstari wa maandishi unafundishika kwa chaki. Mwalimu anauandika, darasa linaunakili kwenye daftari, wanaulizana kila neno lina kazi gani, wanakisia kitakachotokea 24 ikiwa 12, wanafanya hesabu ya urefu wa video kwa kalamu. Kisha mmoja anauandika kwenye kompyuta ile moja, na wote 60 wanaona kama walikisia sawa. Shule zetu zina uzoefu wa vizazi wa kufundisha kwa ubao, daftari na maswali. Zinachohitaji ni kukiona kitu hiki kama maandishi yanayosomeka, na kompyuta yenyewe haihitaji kuwa mpya, maana terminali ni nyepesi na hufunguka hata kwenye mashine ambayo programu za kisasa za video zimeikataa.

Ninachopendekeza si mtaala mzima. Ni vipindi viwili katika somo la TEHAMA la sekondari, na mafunzo ya siku mbili kwa walimu, yakianza na picha kuwa video kwa sababu matokeo yake yanaonekana. Mtu anayeanza na amri za kuhesabu mafaili hupoteza wanafunzi nusu. Anayeanza na mche wa maharage unaochomoza udongoni na kujinyoosha kwa sekunde 10 hampotezi hata mmoja. Vyuo vya ufundi viongeze kazi za kurudia, ile ya folda 225. Vyumba vya habari vifundishe waandishi wao kuunganisha picha za setilaiti badala ya kusubiri mashirika ya nje yawaletee mwendo wa kimbunga kilichoko mlangoni kwao. Programu ni ya bure, amri zinatosha kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na kinachobaki ni uamuzi.

Nafikiria hasa shule zilizo chini ya Mlima Kilimanjaro. Watafiti wamepima kwamba kati ya 1912 na 2007 mlima huo ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu. Shule inayokiona kilele cha Kibo kutoka uwanjani kwake inaweza kumteua mwanafunzi mmoja kila juma apige picha moja kila asubuhi, kutoka kwenye kigingi kilekile, kwa simu ya mwalimu. Baada ya mwaka kutakuwa na picha 365, na kwa kasi ya 25 kwa sekunde ni video ya sekunde 14.6: mawingu yakifunika na kufunua, theluji ya masika ikishuka na kuyeyuka, kingo za barafu zikiwa pale zilipo. Baada ya miaka kumi ni karibu dakika mbili na nusu za kumbukumbu ya mlima ambayo watoto wenyewe wameitengeneza. Mlima upo, simu zipo, na asubuhi zinakuja kila siku. Kinachokosekana ni mtu darasani anayejua kuandika mstari wa kuziunganisha picha hizo, na mtu huyo anapatikana kwa vipindi viwili.